Baba alisema mguu wake usikatwe, sasa amechanganyikiwa: nani atie sahihi?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba yangu ana miaka 71 na kisukari cha muda mrefu. Kidonda cha mguu kimeoza, na madaktari wanasema lazima ukatwe chini ya goti kabla maambukizi hayajaenea. Tangu juzi ana homa kali, anachanganya maneno, mara ananiita kwa jina la marehemu bibi. Mimi ndiye ninayeishi naye huku Likoni, na ninayo hati ya uwakilishi aliyoniandikia mwaka jana ili nimshughulikie pensheni na kiwanja. Mama wa kambo anataka akatwe, apone. Kaka yangu anasema baba alimwambia, "Heri nife na mguu wangu." Ami yetu yuko Muscat, anasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo na asitie mtu sahihi mpaka afike. Hospitali inasema tukubaliane kwanza. Sheria inamtambua nani?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa kuuguza. Nianze na ami yenu, maana ndiye aliyesimamisha kila kitu. Sheria ya Kenya haimpi mkubwa wa ukoo idhini ya matibabu ya nduguye kwa sababu tu ni mkubwa. Heshima yake ibaki palepale, na kumpigia simu ni adabu, tena ni busara, kwa kuwa huenda anajua jambo kuhusu baba ambalo ninyi hamlijui. Lakini mguu uliooza haungoji ndege.

Sheria inayowahusu ni Sheria ya Afya, Nambari 21 ya mwaka 2017, kifungu cha 9. Kifungu hicho kinaanza na mgonjwa mwenyewe: hatibiwi bila idhini yake, na idhini hiyo aitoe akiwa ameshaelezwa. Kisha kinataja hali ambazo idhini inaweza kutoka kwingine. Mgonjwa akiwa hawezi kuitoa, anayesikilizwa ni yule ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi, au mtu aliyeidhinishwa na sheria nyingine ama na amri ya mahakama. Wakikosekana hao ndipo zamu inapowafikia jamaa wa karibu. Kwa hiyo ninyi nyote, mama wa kambo, wewe, kaka yako na ami, mko kwenye safu ya nyuma, na mnafikiwa tu kwa sababu baba hakumteua mtu.

Tatizo ni kwamba kifungu kinataja jamaa wa karibu, kikaishia hapo. Hakisemi mke kwanza kisha watoto, wala hakisemi mke mkubwa ana neno kuliko mke mdogo. Afrika Kusini wana sheria ya mwaka 2003 inayofanana sana na hii yetu, lakini wao waliandika mpangilio: mume au mke au mwenzi, kisha mzazi, kisha babu au bibi, kisha mtoto aliye mtu mzima, kisha ndugu. Kwa mpangilio huo ami yenu angekuwa wa mwisho kabisa. Sisi hatukuuandika, na mimi naona ni kasoro, hasa katika nchi ambayo mzee mmoja anaweza kuwa na nyumba mbili zisizosalimiana. Matokeo yake ni hayo mnayoyaona: daktari anaogopa kumsikiliza mmoja asije akashtakiwa na mwingine, anawaambia mkubaliane. Uoga wake unaeleweka. Lakini kifungu hakisemi jamaa wote lazima wakubaliane, na hospitali haina ruhusa ya kungoja mpaka mgonjwa afe ili familia ipatane.

Wanaoishi Uingereza wenyewe hushangaa kusikia kwamba kule England na Wales jamaa wa karibu, kwa ujamaa wake tu, hana mamlaka yoyote ya kuidhinisha wala kukataa. Chini ya sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua, kama mgonjwa hakuacha mwakilishi rasmi wala maandishi halali ya kukataa tiba, daktari ndiye anayeamua kwa kuangalia maslahi ya mgonjwa, baada ya kuwasikiliza jamaa. Sheria yetu imewapa jamaa nguvu zaidi kuliko hiyo, bila kuwaambia waitumie vipi.

Sasa, kabla ya kuuliza nani atie sahihi badala ya baba, kuna swali ambalo barua yako imeliruka, nami nadhani hata hospitali wameliruka. Je, ni kweli baba hawezi kuamua? Mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kuamua mpaka ionekane vinginevyo. Homa, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, sukari iliyopanda sana au kushuka sana, vyote humvuruga mtu akili kwa muda, na kuvurugika huko huja na kuondoka. Mzee anayekuita kwa jina la bibi yako saa 4 usiku anaweza kuwa na akili zake timamu saa 2 asubuhi, homa ikiwa imeshuka na sukari imerekebishwa. Mwombeni daktari ajaribu tena wakati huo. Avae miwani yake, na kama hasikii vizuri aketi mtu upande wa sikio zima. Aelezwe kwa Kiswahili cha nyumbani; kifungu cha 8 kinataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Aambiwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa itakuwaje. Kisha aulizwe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akiweza kuelewa, akakumbuka muda wa kutosha kuipima habari hiyo, kisha akajibu, basi ameamua. Jibu likiwa la "hapana" halimfanyi kuwa mtu asiyejiweza. Nimeona wazee wakiandikwa kwenye faili kuwa "wamechanganyikiwa" siku ileile waliyokataa kisu, ilhali jana yake walipokubali kutiwa dripu hakuna aliyewapima akili.

Iko kesi moja ya Uingereza ambayo mawakili huitaja sana katika jambo hili, na inafanana na yenu kiasi cha kushtua. Mwaka 1993 mzee wa miaka 68, mgonjwa wa akili katika hospitali yenye ulinzi ya Broadmoor, alioza mguu. Daktari wa upasuaji alikadiria kwamba bila kukatwa chini ya goti alikuwa na nafasi ya kupona ya asilimia 15 tu. Mzee alikuwa akiamini kwamba yeye mwenyewe ni daktari mkubwa wa kimataifa. Hata hivyo alikataa kukatwa, akasema ni afadhali kufa na miguu miwili kuliko kuishi na mmoja. Jaji Thorpe aliona kwamba pamoja na ugonjwa wake wa akili, mzee yule alielewa habari ya mguu wake, aliiamini na aliweza kuipima, basi mguu usikatwe bila idhini yake ya maandishi. Tiba nyingine iliendelea, na hatari ya wakati ule ikapita. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini majaji wetu huzisoma, na pale ambapo sheria yetu imenyamaza huwa zina uzito.

Tuseme baba amejaribiwa mara mbili, tatu, na kweli hawezi. Hapo ndipo maneno ya kaka yako yanapoingia, na hapa ndipo pagumu kuliko pote.

Kifungu cha 9 kinaruhusu mgonjwa atibiwe bila idhini ya mtu yeyote katika hali kadhaa, na mbili zinawagusa. Moja ni dharura. Nyingine ni pale ambapo kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, lakini hii ina sharti: mgonjwa asiwe amekataa huduma hiyo, kwa kutamka, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Sharti hilo halikurudiwa kwenye ile ya dharura. Yupo wakili atakayekwambia kwamba kwa hiyo kwenye dharura daktari anaweza kukata tu, hata kama mzee alikuwa akikataa mwaka mzima. Mimi sikubaliani naye. Ibara ya 28 ya Katiba inalinda utu wa kila mtu, na sioni utu gani unaobaki ikiwa neno la mtu mzima mwenye akili timamu linafutika dakika anayopoteza fahamu. Kusoma sheria kwa namna hiyo ni kumwambia daktari asubiri mgonjwa azimie ndipo afanye alichokatazwa.

Lakini si kila neno la kukataa lina uzito sawa, na hili mliangalie bila hasira. Baba alimwambia nani, lini, na alikuwa anajua nini? Kama alisema "heri nife na mguu wangu" sebuleni baada ya kusikia jirani amekatwa, wakati kidole chake kimeanza tu kuwa cheusi, hiyo ni hofu ya kila mgonjwa wa kisukari. Kama aliketi na daktari kliniki, akaelezwa kwamba bila kukatwa atakufa, akasema hapana tena na tena, hilo ni jambo jingine kabisa. Ombeni faili lake. Kukataa kwa namna hiyo kunapaswa kuwa kumeandikwa, pengine na sahihi yake au alama ya dole gumba ipo. Ulizeni pia sababu. Wapo wazee wa Pwani wanaokataa kwa kuhofia kuzikwa pungufu, na hawajawahi kuambiwa kwamba kiungo kilichokatwa familia inaweza kukiomba, kikafungwa sanda na kuzikwa kwa heshima. Wapo wanaoogopa gharama, hawataki kuwaingiza watoto madeni. Wapo wanaoogopa nusu kaputi. Kama sababu ya baba ilikuwa mojawapo ya hizo na ina ufumbuzi, kukataa kwake kunaweza kuwa kulikuwa ni kukataa deni au nusu kaputi, wala si kukataa kuishi kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo kazi yenu kama jamaa si kupiga kura. Kila mmoja wenu asijiulize yeye anataka nini, ajiulize baba angejibu nini kama angeamka kwa dakika kumi, akaambiwa yote, kisha akalala tena. Mama wa kambo anataka apone. Hilo ni pendo, lakini ni takwa lake yeye. Ami anataka asubiriwe. Nalo ni lake. Kaka yako ndiye pekee aliyeleta neno la mgonjwa, ingawa inabidi lichunguzwe.

Kuhusu uzito wa neno la mgonjwa ambaye kweli hawezi kuamua, hukumu ninayoipenda ni ya mwaka 2015, pia ya Uingereza. Mwanamume wa miaka 73, mgonjwa wa akili wa miaka mingi, mwenye kisukari, mguu umeoza, hataki ukatwe. Bila upasuaji alikuwa amebakiwa na siku chache. Safari hii mahakama ilikubali kwamba hakuwa na uwezo wa kuamua. Hospitali ikaomba ruhusa ya kumkata. Jaji Peter Jackson akaenda mwenyewe wodini, akazungumza naye kitandani. Kisha akaikatalia hospitali. Alisema kwa kirefu kwamba matakwa na imani za mtu hazipungui thamani kwa sababu tu hana uwezo wa kisheria wa kuamua, na kwamba kumkata mzee yule kwa nguvu kungemvunjia kile alichobakiwa nacho. Simaanishi kwamba baba yako asikatwe. Yule wa 2015 alikuwa anakataa mpaka siku ile, uso kwa uso na jaji. Baba yako yamkini alikataa zamani, katika hali nyingine. Ninachosema ni kwamba hata pale ambapo jamaa au jaji ndiye anayeamua, anaanzia kwa mgonjwa.

Hati yako ya uwakilishi iweke kabatini, dada. Kwanza inahusu pensheni na kiwanja, haisemi lolote kuhusu matibabu, na mamlaka ya kifungu cha 9 lazima mgonjwa ayatoe kwa ajili ya idhini ya matibabu. Pili, na hili huwashtua wengi, hati ya uwakilishi ya kawaida hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua. Yaani inakufa siku ileile mnayoihitaji. Baba akiendelea katika hali hii, usiitumie kutoa hata shilingi benki. Kesho ndugu wanaweza kukushtaki. Njia ya halali ni kuiomba Mahakama Kuu imteue msimamizi wa mali, na ikibidi mlezi wa baba mwenyewe, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Majaji wamekuwa wakiitumia hata kwa wagonjwa wa kiharusi na wazee waliopoteza kumbukumbu. Wengine, wakiona mgonjwa haingii vizuri katika maneno ya sheria hiyo, hutumia mamlaka ya asili ya mahakama. Msimamizi hana uhuru wa kuuza kiwanja anavyotaka, anahitaji ruhusa maalum ya mahakama, na hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya idhini ya matibabu. Naitaja kwa sababu huku kwetu kila ugomvi wa familia watu hukimbilia kwa Kadhi. Mirathi ni yake, lakini baba yu hai.

Mfanye nini leo? Ombeni kikao na daktari mkuu wa wodi, muuguzi, na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Ami apigiwe kwa WhatsApp, awe hapo kwa sauti. Mwulizeni daktari maswali mawili bila kuzunguka: tuna saa ngapi, na je, kuna kitu pungufu ya kukata chini ya goti, kama kusafisha kidonda au kutoa vidole tu, kinachoweza kutupa siku mbili za kumngoja baba apate fahamu? Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo linalomaliza ugomvi. Akisema hakuna, na baba anazama, na hamjapata ushahidi kwamba alikataa kwa kujua, basi jamaa mmoja anayemjua vizuri atie sahihi, na daktari aandike kwenye faili nani aliulizwa na alisema nini. Kwa maelezo yako, naona wewe au mama wa kambo.

Mkishindwa kabisa kuelewana na muda upo, nendeni Mahakama Kuu ya Mombasa kwa ombi la dharura. Ombi hupelekwa na hati ya kiapo pamoja na barua ya daktari, na linaweza kufika mbele ya jaji siku hiyohiyo. Hospitali yenyewe pia inaweza kupeleka ombi hilo, na mara nyingi ni afadhali iwe hivyo, ili asionekane mtoto anamshtaki ami yake. Lakini wakili wa hapo mlipo aione barua ya daktari kwanza. Mimi nimesoma barua yako tu.

Halafu msikubali kuambiwa leteni pesa kwanza ndipo dharura ishughulikiwe. Ibara ya 43(2) ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinaiwekea hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo isipoitoa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Unapoletewa karatasi, zisome moja moja. Fomu ya idhini ya upasuaji ni moja, na fomu ya kudhamini bili ni nyingine. Hubanwa pamoja kwa pini moja, mtu akadhani ni kitu kimoja. Kuidhinisha upasuaji wa baba hakukufanyi wewe kuwa mdhamini wa deni lake.

Kwa wasomaji ambao wazazi wao bado wanatembea: kifungu cha 9 kinataka maandishi ya mgonjwa tu, hakidai wakili wala muhuri. Karatasi moja inatosha. Aandike jina lake na nambari ya kitambulisho, amtaje mtu anayempa mamlaka ya kuidhinisha au kukataa matibabu kwa niaba yake pale ambapo yeye hataweza, amtaje na wa pili ikiwa wa kwanza hapatikani, aongeze mambo anayoyataka na asiyoyataka. Atie sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wasio na ugomvi nyumbani. Sheria haikudai mashahidi, lakini nawashauri muwe nao, kwa kuwa karatasi isiyo na shahidi ndiyo ndugu husema imeghushiwa. Nakala moja iwekwe kwenye faili la kliniki, moja kwa aliyeteuliwa, na aliyeteuliwa aambiwe. Baadhi ya Mashahidi wa Yehova huwa wanatembea na kadi inayokataa kuongezewa damu na kumtaja mwakilishi wao, na wodini naona hawana vurugu hizi.

Baba akipata fahamu katikati ya haya yote, hata kama fomu imeshatiwa sahihi, aulizwe yeye. Akisema ndiyo, sahihi yake inachukua nafasi ya zenu. Akisema hapana baada ya kuelezwa na kuelewa, upasuaji unasimama, na sahihi ya mtoto, ya mke au ya ami haiwezi kuurudisha. Hapo msikubali aondolewe wodini kwa kisingizio kwamba amekataa tiba. Alichokataa ni msumeno. Antibayotiki, dawa za maumivu, insulini na kuoshwa kidonda bado ni haki yake, na daktari aandike hivyo kwenye faili, kwa sababu zamu ikibadilika usiku, muuguzi mpya atasoma neno moja tu, "amekataa", akapita kitanda chake.